Ruzuku Ina Mwisho
(Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Dodoma)



Mmeniagiza nieleze namna ya kuomba ruzuku za mifuko ya hisani kwa ajili ya shule na visima vya vijiji vyetu.

Kwanza, tujue sisi ni nani. Chama cha msingi huweza kugawa ziada kwa wanachama wake; kwa hiyo mifuko mingi huyaendea mashirika yaliyoandikishwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, ambayo hayagawi faida. Basi wananchi wa Bahi, Kongwa au Kondoa wanaotaka ruzuku waunde shirika lenye katiba, daftari na akaunti yake. Fedha hizo zisichanganywe kamwe na malipo ya alizeti ya mkulima.

Pili, msaada hufuata juhudi. Mfuko wa maendeleo ya jamii ulioundwa nchini mwaka 1962 ulikusudiwa kuwaunga mkono wananchi walioanza kujitegemea.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ruzuku ina tarehe ya mwisho, kiu haina. Pampu ya shule ikinyamaza mwezi wa Oktoba, akina mama na watoto hurudi kufukua mchanga korongoni. Kabla ya kutia saini, tuulizane: mfadhili akishaondoka, nani atanunua vipuri?

Tangu mwaka 1995, kujali jamii ni msingi wa saba wa ushirika duniani. Mkutano mkuu na utenge sehemu ya ziada kwa matengenezo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.