KUMTIBU MTOTO MENO AKIWA USINGIZINI

(Mazungumzo ya tabibu wa meno mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mabwerebwere, Kilosa)



Nilipopata mwaliko wenu, mwenzangu mmoja aliniuliza meno ya watoto yanahusiana vipi na chama cha mazao. Nilimjibu kwamba mzazi akikosa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, mtu wa kwanza kugongewa mlango ni katibu wa chama. Basi ni vema katibu huyo aijue safari anayoombwa kuisaidia.

Mtoto huletwa kwetu akiwa na miaka 3 au 4. Meno ya mbele yamebaki visiki vyeusi, magego yametoboka, shavu limevimba, halali wala hali. Mzazi anaambiwa kwamba itabidi mtoto apigwe nusukaputi. Hapo wengi hushtuka, wakamfunga mtoto mgongoni na kurejea nyumbani. Siwalaumu. Wamesikia kuwa aliyelazwa kwa dawa huenda asiamke. Na jino lenyewe, wasema, ni la utoto, litang'oka.

Ni kweli litang'oka, lakini lini? Meno ya utoto ni 20, na magego ya nyuma hudumu mpaka mtoto afikie miaka 10 au 12. Kumwambia mtoto wa miaka 4 asubiri ni kumtaka avumilie maumivu miaka 6 na zaidi. Tena usaha wa jino bovu huweza kuliharibu jino la ukubwani linalokua chini yake, na uvimbe ukiteremka shingoni huweza kuziba njia ya pumzi.

Sasa nije kwenye dawa ya usingizi. Jino moja kwa mtoto aliyetulia hutibiwa kwa sindano ya ganzi. Lakini mtoto mdogo mwenye meno 8 mabovu hawezi kukaa kitini mara nane huku akishikwa kwa nguvu. Atatoka hapo akimwogopa tabibu maisha yake yote. Akilala, yote huzibwa au kung'olewa kwa siku moja. Si jambo geni: aliyewaonyesha madaktari wa Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba, 1846, kwamba mtu aweza kupasuliwa akiwa amelala kwa mvuke wa etha, alikuwa tabibu wa meno, William Morton.

Hatari ipo, nami sitaificha. Uingereza walizoea kuwalaza wagonjwa katika vyumba vya kawaida vya matibabu ya meno. Vikatokea vifo, vikiwemo vya watoto, na tangu mwisho wa mwaka 2001 kazi hiyo hairuhusiwi ila hospitalini penye vifaa vya kumhudumia mgonjwa mahututi. Kwa hiyo mtu akijitolea kumlaza mtoto wako kwa dawa katika chumba cha duka, mkatalie. Mahali pake ni chumba cha upasuaji, awepo mtaalamu wa usingizi asiyefanya kazi nyingine ila kuangalia pumzi na mapigo ya moyo, na oksijeni iwe tayari. Kwa kazi kama hiyo mtoto wa huku huweza kupelekwa hadi Morogoro mjini, au Muhimbili.

Jambo moja nawaomba mlishike sana, nalo ni kufunga kula. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya ng'ombe hukomeshwa saa 6 kabla ya dawa, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Lakini fuateni saa mtakazopewa na hospitali. Mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kujikinga akitapika, na matapishi huingia mapafuni. Nakumbuka mama mmoja aliyemhurumia mwanawe njiani akampa andazi na chai. Bahati nzuri alisema kweli alipoulizwa. Mtoto aliahirishiwa, nauli ikapotea, mama akalia. Lakini mtoto yu hai. Aliyelisha na aseme, hatagombezwa.

Hata hivyo, si kila jino bovu lataka safari hiyo. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, bila umeme wala mashine, kisha tundu likazibwa kwa saruji ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa mengine. Yafaa kabla jino halijauma. Likishaanza kumwamsha mtoto usiku, mara nyingi umechelewa.

Naulizwa sana juu ya miwa. Mimi naihofia zaidi chupa ya chai ya sukari anayolala nayo mtoto, maana usiku mate hupungua na sukari hukaa menoni mpaka asubuhi. Mpeni maji. Msugueni meno mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, na akifikisha miaka 3 kiasi cha punje ya njegere.

Ndugu Makatibu, tarehe ya hospitali haingoji mauzo ya ufuta. Mzazi akija na barua yenye tarehe hiyo, naomba ombi lake lisisubiri kikao cha mwezi ujao.

Nipo tayari kwa maswali.