Mji wa Bukoba: Nchi Yake na Watu Wake



Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu wa ualimu wachore ramani mbili: moja ya mto Mississippi, ya pili ya mji huu wetu. Mto ule wa Marekani waliuchora vizuri. Mto Kanoni, ambao huuvuka kila waendapo sokoni, wengi waliusahau kabisa. Basi usiku huu nataka kunena habari za Bukoba.

Mji umekaa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa magharibi, yapata futi 3,700 juu ya bahari. Mbele yake majini kipo kisiwa cha Musira. Nyuma yake vimesimama vilima vya mawe ya mchanga. Kaskazini, mwendo wa maili 50 hivi, ni Mutukula, mpakani mwa Uganda. Emin Pasha alijenga kituo cha Wadachi hapa mwaka 1890; lakini Wahaya walikuwako tangu zamani, wakiwa na watawala wao na migomba yao.

Mvua yetu ni ya ajabu. Upepo utokao mashariki huvuka ziwa, huchukua mvuke, na ufikapo kwenye vilima hupanda na kuumwaga. Kwa hiyo Bukoba hupata yapata inchi 80 kwa mwaka, hali Dodoma haipati hata inchi 30. Mvua zikizidi, Kanoni hufurika, na wakaao bondeni huhamisha vyombo vyao usiku.

Mgeni aonapo majani mabichi kila mahali hudhani udongo wetu ni mnono. Sivyo hata kidogo. Mvua hiyohiyo huosha chumvichumvi ya ardhi ikaipeleka chini, na mawe ya mchanga hayana mengi ya kurudisha. Unono ulioko ni kazi ya mikono. Wazee walikata nyasi katika rweya, yaani mbuga iliyo wazi, wakazitandaza chini ya migomba. Wakatia na samadi ya ng'ombe, mwaka baada ya mwaka, baba na mwana na mjukuu. Ndivyo kibanja kilivyopatikana, chenye migomba na mibuni pamoja. Kibanja bila rweya ni kama taa bila mafuta.

Sasa tutazame hesabu ya watu. Mwaka 2002 manispaa ya Bukoba ilikuwa na watu 81,221. Mwaka 2012 walikuwa 128,796, na mwaka 2022 walihesabiwa 144,938. Angalieni: katika miaka kumi ya kwanza waliongezeka zaidi ya 47,000, na katika kumi iliyofuata 16,000 tu. Katikati, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi liliangusha nyumba nyingi na kuua watu. Lakini sisemi kuwa ndilo sababu ya tofauti hiyo.

Manispaa ina kata 14. Baadhi yake ni mji mtupu, maduka na ofisi. Nyingine, kama Kahororo, bado utakuta nyumba ya bati jipya imesimama katikati ya migomba. Hapo ndipo penye shida. Kibanja kilichomlisha mzee mmoja hugawiwa wana wanne, na kila mwana hutaka kujenga. Rweya nayo hupimwa viwanja, au hupandwa mikaratusi, ambayo huleta fedha upesi kuliko nyasi. Mimi mwenyewe nimejenga juu ya rweya, kwa hiyo simlaumu mtu.

Nilipokwisha kuwaeleza wanafunzi haya, mmoja wao, mwana wa mkulima, aliuliza, “Mwalimu, nyasi za kutandaza chini ya migomba ya baba tutazitoa wapi?” Sikuwa na jibu. Tulichukua kamba na vijiti, tukaenda kupima rweya iliyosalia nyuma ya chuo. Ramani yake imetundikwa darasani, na kila mwaka wanafunzi wapya huipima tena.