Mtoto Akiitwa Kwenye Timu: Yawapasayo Wazazi Kujua

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa wazazi na kamati za sharika za Karagwe na Kyerwa)



Tumezoea kusimama mbele yenu kusema habari za visima, mnyauko wa migomba na vikundi vya kuweka na kukopa. Leo tumeombwa tuseme juu ya mpira wa miguu, na tumewaona baadhi yenu mkitabasamu. Lakini katika ziara zetu za sharika tumekuwa tukiulizwa swali moja, Nyaishozi tunaulizwa, Nkwenda tunaulizwa, Murongo tunaulizwa: "Kuna mtu amekuja nyumbani, anasema mwanangu ana kipaji, anataka kumchukua kwenye timu yake. Nimpe?"

Sisi siyo walimu wa mpira. Ni wazazi kama ninyi, na yale tutakayosema mengine tumejifunza kwa kukosea.

Kwanza tuelewane ni mpira gani tunaousema. Upo mpira wa kijijini, ambao watoto wakitoka shule wanafunga majani makavu ya mgomba kwa kamba, wanaucheza hadi giza linaingia. Huo mwacheni mtoto aucheze. Upo mpira wa shule, wa UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Huko yupo mwalimu anayejulikana, mwenye mwajiri, na mtoto akipotea kuna mlango wa kugonga. Wa tatu ni ule wa timu za vijana za klabu, au zile zinazojiita akademi. Neno akademi mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu akalisimamisha kando ya barabara. Huko kuna michango, kuna kambi, kuna safari za kwenda Kaitaba pale Bukoba na mbali zaidi, na kuna watu wanaokuja kutazama wachezaji. Mpira huo wa tatu ndio uliotuleta hapa.

Miaka michache iliyopita ofisi yetu iliandaa bonanza la vijana wa sharika. Nia ilikuwa njema: kuwakusanya vijana, tuseme nao habari za UKIMWI, pombe na kilimo, halafu wacheze. Zawadi ilikuwa mbuzi. Tuliandika kwenye barua kwamba wachezaji wawe chini ya miaka 15, tukaishia hapo. Hatukuomba karatasi yoyote. Siku ya fainali tuliona wachezaji wenye ndevu, tukacheka, tukasema mbuzi ameleta watu wazima. Kabla ya mapumziko kijana mmoja wa miaka 13 alivunjwa mguu na mtu ambaye baadaye tuliambiwa ana mke. Hatukuwa na machela wala sanduku la huduma ya kwanza. Alifungwa kwa vipande vya mti na kanga ya mama mmoja, akapelekwa hospitali kwa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili.

Baba yake alipofika hakutupigia kelele. Alituuliza tu, "Mlimpeleka mwanangu kucheza na nani?"

Mguu ulipona, ingawa hakuhudhuria darasa muda mrefu. Swali la yule mzee hatukuwa na jibu lake, na tangu hapo tumekubaliana ofisini kwamba ndilo swali la kwanza ambalo kila mzazi anapaswa kuuliza: mwanangu atacheza na nani?

Kwa sababu hiyo tutakaa sana kwenye jambo la umri. Wengi hudhani kupunguza umri ni ujanja mdogo wa makocha. Kocha anataka kombe, mtoto ana miaka 16, mashindano ni ya chini ya 14, basi anamwambia mzazi, "Tafuta cheti kipya." Hapo mzazi anakuja kwa katibu wa usharika. Hili halitokei mbali, limetufikia. Mama mmoja alikuja akiomba cheti cha ubatizo kiandikwe upya, mwaka wa kuzaliwa usogezwe mbele miaka mitatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya Ulaya. Katibu alifungua kitabu cha ubatizo, akamwonyesha mstari ulioandikwa kwa mkono wa mchungaji aliyekwisha kustaafu, akamwambia, "Mama, huu siwezi kuugusa." Mama aliondoka amekasirika, na hatujui kama amekwisha kusamehe.

Ninyi wajumbe wa kamati mnajua kwa nini walitufuata sisi. Watoto wetu wengi hawakuandikishwa RITA walipozaliwa. Mzazi anapokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa baada ya miaka mingi, huombwa ushahidi, na cheti cha ubatizo ni mmojawapo, pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha shule. Kwa hiyo kitabu kile cha usharika, chenye jalada lililochakaa, ndicho mizizi ya karatasi nyingine zote. Ukikidanganya kitabu, umedanganya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na hati ya kusafiria. Halafu kijana anafika kidato cha nne, jina lake la mtihani wa darasa la saba lina mwaka mmoja na cheti chake kina mwaka mwingine. Anaomba mkopo wa chuo, anaulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili. Kombe lile la chini ya miaka 14 limekwisha kusahaulika zamani.

Nchi yetu yenyewe imepita humo. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imefuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, ikaondolewa kwa sababu ilichezesha mtu aliyezidi umri. Vijana wote wa kikosi kile, na wale waliokuwa na umri halali, walibaki nyumbani kwa ajili ya karatasi ya mmoja. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2016 tuliwafunga Kongo-Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, tukafungwa 1-0 kwao, tukatolewa kwa bao la ugenini. Tanzania ikakata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao mmoja. CAF ikamwita akapimwe, hakuletwa, Kongo ikaondolewa, na Serengeti Boys wakaenda Gabon mwaka 2017. Huko walitoka sare na Mali, wakawafunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0.

Kipimo chenyewe ni picha ya kifundo cha mkono inayopigwa kwa mashine ya MRI. Mifupa ya pale kwa mtoto bado ina nafasi ya kukua. Ikishaungana kabisa, mashine inaonyesha. FIFA iliianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kwa hiyo anayekwambia cheti kipya kitamfikisha mwanao mbali, hakwambii kwamba huko mbali hawasomi cheti peke yake.

Sasa tuje kwa yule mgeni wa pili, anayekuja baada ya kocha. Huyu ana simu kubwa, ana picha amepiga na wachezaji maarufu, anasema ana nafasi Ubelgiji au Uarabuni, lakini zinahitajika fedha za viza na majaribio. Tunajua ukoo uliouza sehemu ya shamba la kahawa kwa maneno ya namna hiyo. Kijana alikaa wiki tatu kwenye nyumba ya kulala wageni jijini, mgeni hakuonekana tena, na shamba halikurudi. Yapo mabaya kuliko hayo: mwaka 2015 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza habari za wavulana wa Liberia waliopelekwa Laos, huko Asia, kwenye akademi isiyosajiliwa, wakalala kwenye chumba kimoja wengi pamoja.

Mzazi akumbuke kanuni moja, akishaijua hii hadanganyiki kirahisi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache: kwa mfano wazazi wake wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Ipo nyingine inayotugusa sisi watu wa mpakani. Mtoto anayeishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya ng'ambo iliyo ndani ya kilomita 50 za mpaka huo, mradi aendelee kulala nyumbani kwao na vyama vya mpira vya nchi zote mbili vikubali. Ndugu wa Murongo, mnaovuka Mto Kagera kwenda sokoni Uganda kama wengine wanavyokwenda kisimani, hilo lisikieni vizuri. Akiambiwa atakaa bweni huko ng'ambo, kanuni hiyo haimfuniki.

Mtazameni Mbwana Samatta, ambaye kila mwenye akademi humtaja. Alizaliwa Desemba 1992. Alicheza African Lyon na Simba, hapa hapa nyumbani. TP Mazembe ya Lubumbashi ilimchukua mwaka 2011, akiwa amekwisha kufikisha miaka 18. Genk ya Ubelgiji ikafuata mwaka 2016, na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Hakuruka ngazi.

Na juu ya fedha, wengi hawajui kwamba klabu iliyomlea mtoto kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 inaweza kudai fidia ya malezi pale atakapopata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika klabu ya nchi nyingine. Hiyo ndiyo haki ya klabu, na haipatikani bila usajili ulionyooka. Klabu makini itaomba karatasi sahihi, itaomba na mchango wa jezi na nauli, hilo hatulikatai, maana mafuta hayamwagiki kutoka mbinguni. Lakini wanaotafuta ng'ombe wa mzazi waangalieni sana. Wakala naye, kwa kanuni za FIFA za mwaka 2023, anatakiwa awe na leseni, na asimfuate mtoto kabla ya kupata idhini ya mzazi kwa maandishi. Mkataba wa aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka 3. Ukiletewa karatasi ya Kiingereza usiku, mwambie aliyeileta aiache mpaka asubuhi, uende nayo kwa mwalimu mkuu au kwa mchungaji. Akikataa kuiacha, amekwisha kukujibu.

Klabu halali ina cheti cha msajili wa vyama vya michezo na inajulikana kwa chama cha mpira cha wilaya. Afisa Michezo wa Halmashauri yupo Karagwe, yupo na Kyerwa. Kumwuliza ni bure.

Shule tunaipitia haraka kwa kuwa mnaijua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na anayo haki ya elimu hata akiwa na mguu wa dhahabu. Kama timu inataka ahamie karibu na kambi, uliza atasoma shule ipi, na uhamisho uandikwe kabla hajaondoka. Suala la kipaimara ni letu wenyewe: mafundisho ni Jumamosi na mazoezi ni Jumamosi. Baadhi ya sharika zimeanza kufundisha asubuhi mapema na makocha wamekubali. Tunadhani hilo ni jema kuliko kumfanya mtoto achague.

Mabinti nao wanacheza. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India, timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia, wakawafunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Kwa hiyo baba asiseme tena mpira si wa wasichana. Aseme jambo lingine: nani analala nao kambini? Kama katika viongozi wa safari hakuna mwanamke mtu mzima anayejulikana, binti asipande gari. Na mtoto wa kiume vilevile asilale chumba kimoja na kocha.

Juu ya afya, mtoto aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama yeye mwenyewe analia arudishwe. Atake asitake.

Tunamalizia na neno kwa wageni wetu. Kila mwaka mnatuuliza vijana wanahitaji nini, nasi tumekuwa tukijibu jezi na mipira, nanyi mmeleta kwa moyo. Kuna usharika una jezi za rangi nne. Mwaka huu kamati zimekaa na kuomba vitu viwili: sanduku la huduma ya kwanza na machela kwa kila uwanja wa usharika, na kabati la chuma lenye kufuli kwa ajili ya vitabu vya ubatizo. Tulipokagua mwezi uliopita, kimoja tulikikuta kimeliwa na mchwa kuanzia herufi M. Makatibu wameanza kunakili vilivyosalia kwa mkono, na mbili kati ya sharika za Kyerwa zimekwisha kumaliza.