Neema, Roho ya Mwanadamu na Nuru ya Ushirika

Mtume Paulo anapoufunga waraka wake kwa Wagalatia, na vilevile ule mfupi kwa Filemoni, hawatakii wasomaji wake neema ya jumla jumla, bali anaomba neema hiyo iwe pamoja na roho zao. Na kwa kuwa maneno hayo huja mwishoni, pale ambapo msomaji huwa amekwisha kuuweka waraka pembeni, ni wachache wanaosimama kuyatafakari. Hata hivyo yamebeba dai zito, kwamba wema wa Mungu usiostahiliwa, ambao ndio unaoitwa neema, haubaki kuwa hukumu ya msamaha iliyotamkwa mbinguni, bali una mahali unapofikia ndani ya mtu, na mahali hapo ni roho yake. Mhadhara huu unauliza mwamini anajuaje kwamba neema imefika hapo, na unalitafuta jibu si katika vitabu vya mafundisho peke yake, bali pia katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao kwa zaidi ya nusu karne uliwafanya wakulima, waalimu, wauguzi na maaskofu waliulize swali hilo mbele ya watu.

Kwanza istilahi. Katika 1 Wathesalonike 5:23 Paulo anataja roho, nafsi na mwili, na kutokana na aya hiyo wako waliojenga fundisho la mtu mwenye sehemu tatu: mwili unaogusa ulimwengu, nafsi iliyo makao ya akili, hisia na utashi, na roho inayomgusa Mungu. Kanisa la kale liliutazama mgawanyo huo kwa tahadhari, hasa baada ya Apollinaris wa Laodikia kuutumia kudai kwamba ndani ya Kristo Neno lilichukua nafasi ya akili ya kibinadamu, fundisho lililokataliwa na mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Katika karne ya 20 ulipata uhai mpya kwa maandishi ya Mchina Watchman Nee, ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu mtu wa rohoni kilikamilika mwaka 1928, na mkondo huo ungali unasomwa sana katika makanisa mengi. Fundisho hilo lina faida moja isiyokanushika, nayo ni kumzuia mwamini asidhani kwamba msisimko wa hisia zake ndio neema yenyewe. Lakini linapogeuzwa kuwa ramani ya viungo vya ndani, kana kwamba roho ingeweza kutengwa na nafsi kama figo inavyotengwa na ini, linapita mipaka ya Maandiko, kwa maana Paulo huyohuyo mahali pengine anaridhika kutaja mwili na roho tu. Inatosha kusema kwamba roho ni mwanadamu mzima akitazamwa katika kina chake, pale anapokuwa wazi kwa Mungu au amejifunga asimwone.

Kauli yenye mwanga zaidi juu ya jambo hili ilitolewa na Martin Luther mwaka 1521, alipokuwa akiufafanua wimbo wa Mariamu. Aliilinganisha hali ya mtu na hema ya kukutania aliyoijenga Musa: mwili ni ua wa nje ambao kila mtu anauona, nafsi ni mahali patakatifu penye kinara cha taa saba, yaani ufahamu wote ambao mtu anaumudu, na roho ni patakatifu pa patakatifu, ambapo Mungu anakaa na ambapo hapakuwa na taa hata moja. Wahubiri wanaopenda mfano huu huwa wanakazia utukufu wa chumba kile cha ndani na kulisahau giza lake, ilhali giza ndilo lenye uzito wa hoja. Roho inaishi kwa imani katika yale isiyoyaona, na kwa hiyo mwenye roho hiyo hana taa ya kuingia nayo ndani ili ahakikishe kwamba Mungu yumo.

Karibu miaka 250 kabla ya Luther, Thomas wa Aquino alikuwa amefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika majumuisho yake ya teolojia aliuliza iwapo mtu anaweza kujua kwamba ana neema, akajibu kwamba, isipokuwa Mungu amfunulie kwa namna ya pekee, mtu hawezi kulijua hilo kwa uhakika, bali kwa dalili tu, kama vile kumfurahia Mungu na kutokuwa na dhambi ya mauti inayomshtaki. Mtaguso wa Trento uliuthibitisha msimamo huo mwaka 1547 dhidi ya Waprotestanti, ambao kwao uhakika wa wokovu ulikuwa tunda la imani. Pande hizo mbili zimegombana kwa karne nyingi, na ugomvi wenyewe si wa bure, lakini zote mbili zilielekea kumweka mtu peke yake mbele ya dhamiri yake, mmoja akikagua dalili, mwingine akiishikilia ahadi. Paulo anakiri kwamba roho ya mtu inayajua mambo ya mtu, lakini katika waraka uleule, sura mbili mbele, anasema kwamba hata asipoona neno la kujishtaki hahesabiwi haki kwa hilo. Ushahidi wa ndani upo, ila haujitoshelezi.

Hapo ndipo historia ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulikoanzia Uamsho huo, inapopata uzito wa kiteolojia. Mganga Joe Church wa misheni ya Kianglikana alifika huko mwaka 1928, katika kipindi cha njaa kali, na kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na imani alipokutana pale Namirembe, Kampala, na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko pamoja kuhusu kazi ya Roho Mtakatifu. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu na mwinjilisti. Mwanzoni mwa mwaka 1936 alijitayarisha kuiuliza sinodi ya Kanisa la Uganda kwa nini Kanisa limepoa, kwa nini meza ya Bwana inatolewa kwa watu wanaojulikana kuishi dhambini, na nini kifanyike ili uamsho uje. Homa ikamuua mwezi Januari kabla hajazungumza, na kifo chake kikayafanya maswali hayo yasikike mbali kuliko ambavyo pengine yangesikika angekuwa hai. Kutoka hapo moto ulivuka mipaka: Kigezi, Buganda, Burundi, Bukoba, nchi ya Wakikuyu na Dodoma, ambako mwalimu Festo Kivengere, ambaye baadaye angekuwa Askofu wa Kigezi, alifundisha kwa miaka kadhaa.

Wamisionari wengi wa Gahini walilelewa katika mafundisho ya mikutano ya Keswick, Uingereza, yaliyosisitiza kujisalimisha kabisa na kujazwa Roho, na Nee naye aliutembelea mkutano huo mwaka 1938. Ni haki kusema, basi, kwamba mikondo hii miwili ilikunywa katika kisima kimoja. Lakini Waafrika wa Uamsho waliyapokea mafundisho hayo kwa namna ambayo Keswick yenyewe haikuitarajia, kwa sababu waliyaondoa katika chumba cha maombi ya faragha wakayaleta barazani. Andiko lao kuu likawa 1 Yohana 1:7, linalounganisha mambo matatu kwa pumzi moja: kutembea nuruni, kushirikiana, na kutakaswa kwa damu ya Yesu. Kwa usomaji wao, nuru haikuwa mwangaza ambao mtu anauona ndani akifumba macho. Ilikuwa hali ya kujulikana na wengine.

Ushirika wenyewe, kwa jinsi ulivyozoeleka na unavyoendelea katika mitaa na vijiji vingi, ni wa kawaida kabisa kwa sura. Watu wanaketi kwa duara au kwenye mabenchi, wanawake na wanaume, mara nyingi chini ya mti au katika sebule ya mmoja wao. Mmoja anasimama, anawasalimu kwa kumsifu Bwana, anajitaja jina na kusema kwamba ameokoka, kisha anaeleza, bila mapambo, alivyomsemesha mkewe kwa hasira juzi au alivyokaa na pesa ya shule ambayo haikuwa yake, na kwamba alipoliona hilo msalabani alivunjika. Anaposema kwamba ameileta dhambi hiyo damuni, wenzake wanaitikia kwa kibwagizo cha Kiganda cha Tukutendereza, yaani “Tunakusifu”, wengine wanamkumbatia, na ndipo anafuata mwingine. Hakuna anayetoa hukumu. Lakini wiki inayofuata watu watauliza kama ile pesa imerudishwa, maana tangu miaka ya 1930 kurudisha kilichoibwa kulitangulia kuimba katika sifa za mtu aliyeokoka, na wapo waliotembea siku nzima kupeleka mali au mnyama kwa mwenyewe. Katika mikutano hiyohiyo wamisionari Wazungu walisimama wakawaomba Waafrika radhi kwa kiburi cha rangi, jambo ambalo katika zama za ukoloni halikuwa dogo.

Kiteolojia, utaratibu huu unalijibu giza la Luther bila kulifuta. Mwamini hapewi taa ya kuichunguza roho yake, anapewa ndugu. Neema inayoingia mahali asipoweza kuona inamfikia tena kutoka nje, katika uso wa mtu aliyesikia mabaya yake na hakuondoka, na katika mguu wake mwenyewe ulioenda kurudisha mali. Kuvunjika, ambalo ndilo neno la Uamsho kwa kule kuacha kujitetea, hakuhesabiwi kuwa kazi inayomstahilisha mtu neema, bali ni neema yenyewe ikiwa imefika. Ndiyo maana ndugu walishangilia ungamo badala ya kulihuzunikia.

Wenye kupinga hawakukosa sababu. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wanafunzi 26 wakiongozwa na William Nagenda walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, na kwa sababu waliwashutumu waalimu wao kwa kupoa kiimani. Ni rahisi leo kuwaona wakuu wa chuo kuwa wakaidi, na kwa sehemu walikuwa hivyo, lakini hofu yao ilikuwa na msingi: mtu anayetangaza hadharani kwamba ameokoka anaweza kuwatazama wengine wote kama wapagani waliobatizwa. Hatari kubwa zaidi ilijitokeza ndani ya Uamsho wenyewe. Ungamo likipata mtindo, mtindo hugeuka kuwa masharti, na katika miaka ya 1960 na 1970 ndugu waligawanyika Uganda na Kenya, kundi moja likiona kwamba mtu aliyeamka kweli hawezi, kwa mfano, kuchukua mkopo. Neema iliyoingia kwa kuvunjika ikaanza kupimwa kwa orodha, na waliokuwa wamekombolewa kutoka sheria wakajitungia nyingine, ndogo na ngumu zaidi.

Haifai, hata hivyo, kuupima Uamsho kwa migawanyiko yake peke yake. Baada ya hali ya hatari kutangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakieleza kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine juu yake, na wengi wao walikataa vilevile bunduki ambazo serikali ilitaka kuwapa wajilinde. Waliuawa baadhi yao. Wanahistoria wanabishana, na kwa haki, kama msimamo huo ulimsaidia mkoloni, lakini kwa hoja ya mhadhara huu kilicho muhimu ni kwamba neno la rohoni lilikuwa limeshuka hadi kooni na mikononi. Kivengere naye, aliyekimbia Uganda baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977, aliandika mwaka huohuo kitabu kinachotangaza upendo kwa Idi Amin, na hakuacha kuyataja makosa ya Amin kwa jina.

Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa Uamsho na Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia mwaka 1977, aliliona jambo ambalo wageni wengi hawakuliona. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, anauweka ushirika wa ndugu kando ya ukoo wa Kihaya. Aliyetengwa na jamaa zake kwa kukataa matambiko hakubaki mkiwa. Ndugu walisimama naye kwenye posa, harusini na msibani, wakifanya kazi za wajomba na baba wadogo. Roho iliyoguswa na neema ilipata jamaa, na jamaa hao walitoka katika koo nyingi.

Lakini undugu huo ulijaribiwa vikali mno katika nchi ileile ulikoanzia. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Rwanda mwaka 1994, watu waliuawa ndani ya majengo ya makanisa. Wako waliojiita waliookoka wakashiriki au wakanyamaza, na wako waliokufa kwa sababu walikataa kujitenga na ndugu zao wa kabila jingine. Haitoshi kusema kwamba wa kwanza hawakuwa wameokoka kweli, kwa sababu jibu hilo linaikinga nadharia na kuwaacha wafu. Ushirika ulikuwa umejifunza kuleta nuruni wizi, uzinzi, pombe, hasira ya nyumbani, na hata dharau ya mtu kwa mtu kwa ajili ya kabila lake. Ulichokizoea kidogo zaidi ni kuleta nuruni vitambulisho vilivyoandikwa kabila, nafasi za shule na kazi zilizogawanywa kwa kabila, na uswahiba wa viongozi wa Kanisa na watawala. Mambo hayo yalihesabiwa kuwa ya siasa, na ya siasa hayakuungamwa, kwa hiyo hakuna ndugu aliyerudi wiki iliyofuata kuyaulizia.