KUJITOLEA KATIKA BUSTANI YA MTAA: HESABU YA NDOO ZA MWEZI WA AGOSTI

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa mji wa Singida. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi na wananchi wa Visiwani.)

Nimetakiwa nizungumzie kujitolea katika bustani za mboga za mitaani, yaani kile kipande cha ardhi ya umma ambacho wakaazi wa mtaa mmoja hukilima kwa pamoja pasipo mshahara. Jambo hili halina uhaba wa hotuba. Sitawaeleza kwamba mboga hujenga mwili. Hayo mnayajua, na mlenda mmeula tangu utotoni. Nitazungumzia maji na zamu, kwa kuwa hapo ndipo bustani za namna hii hufia.

Sisi tunaotoka Visiwani tuna mvua za masika na za vuli, na baina yake hatukosi manyunyu. Singida sivyo. Mji huu umekaa kwenye uwanda wa kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna cha kutegemea kutoka mbinguni. Upepo nao, ule ambao wataalamu wa umeme wameupima kwa matumaini makubwa, hukausha tuta la mchicha kabla ya adhuhuri. Mgeni akiyaona maziwa ya Singidani na Kindai yamelala mjini hudhani jibu la suala la maji limekwisha kupatikana. Mwenyeji anajua kuwa maji hayo ni ya chumvi, na mboga haiyataki.

Basi mwenendo wa bustani ya mtaa huwa ni huu. Mwezi wa Januari watu wengi hujitokeza na majembe yao. Ardhi ni laini, kiongozi hualikwa, kibao hupandwa hata kabla ya mbegu. Februari na Machi mboga husitawi, na kila mmoja huhesabu kuwa ni jasho lake, ingawa kwa kweli ni mvua. Mei watu hupungua. Agosti utawakuta akina mama wawili au watatu na ndoo zao kichwani, na matuta yaliyobaki yamekuwa malisho ya mbuzi. Na Agosti ndiyo miezi ambayo mboga mbichi huwa adimu na bei yake sokoni hupanda. Yaani bustani hufa wakati ule ule inapohitajiwa zaidi.

Niruhusuni nifanye hesabu, maana hesabu haimwonei mtu haya. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 lina mita 10 za mraba. Wakati wa kiangazi kila mita ya mraba yahitaji kiasi cha lita 5 za maji kwa siku. Tuta moja basi lanywa lita 50, ambazo ni ndoo mbili na nusu za lita 20. Mtaa uliochimba matuta 20 wakati wa mvua utahitaji lita 1,000, yaani ndoo 50 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu mmoja akiteka na kumwaga ndoo tano kwa zamu yake, zahitajika zamu 10 kwa siku, 70 kwa wiki. Je, mtaa huo una watu 70 walioandika majina yao kwa hiari, na watakaofika? Iwapo hauna, bustani ya matuta 20 ni bustani ya mvua tu. Lakini matuta sita huhitaji ndoo 15 kwa siku, sawa na watu watatu kwa siku, na 21 kwa wiki. Watu 21 hupatikana.

Rai yangu ni kwamba ukubwa wa bustani upangwe kwa idadi ya watu watakaoteka maji Agosti, wala si kwa idadi ya waliokuja na majembe Januari. Mvua ikinyesha, matuta yaongezwe. Ikikatika, yapunguzwe bila ya kuona fedheha. Hayo sita yachimbwe yawe chini kidogo ya usawa wa ardhi, yasiinuliwe kama tufanyavyo kwenye mvua nyingi, ili maji yasitoroke. Yafunikwe kwa matandazo ya majani makavu au maganda ya alizeti, ambayo Singida haiyakosi. Upande unaotoka upepo usimamishwe uzio wa mabua. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hivyo aliyeshika zamu mwanzoni mwa mwezi huona matunda ya kazi yake kabla mwezi haujaisha, na hilo humrudisha.

Watumishi wenzangu wengi hupendelea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo tangu 2016 imetengwa kwa usafi wa mazingira. Ni siku njema kwa kufyeka na kubeba samadi. Lakini mchicha haunywi maji mara moja kwa mwezi. Mtumishi anayetaka kuisaidia bustani achukue asubuhi moja ya kila wiki kabla ya saa moja na nusu, ndoo zake tano, kisha aende ofisini.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kujitolea. Watu wa umri wangu wanakumbuka Siasa ni Kilimo, iliyotangazwa Iringa mwaka 1972, na baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Ofisi na viwanda vilihimizwa kuwa na mashamba. Nia ilikuwa nzuri na njaa ilikuwa ya kweli. Lakini panapokuwa na orodha ya mahudhurio mkononi mwa mkuu wa kazi, hapo pana amri, hata tukiiita hiari. Na mtu aliyeamrishwa hulima mbele ya macho ya aliyemwamuru, basi. Naomba wakuu wa idara waliohudhuria hapa wasiwapeleke watumishi wao bustanini kwa barua.

Wanyaturu hawakuhitaji barua. Mtaalamu wa Kimarekani Harold Schneider, katika kitabu chake juu ya uchumi wao kilichotoka mwaka 1970, ameeleza jinsi mwenye shamba alivyowaita majirani kulima na kuwakirimu kwa pombe ya nafaka. Siipigii debe pombe, na nadhani mnanielewa. Ninalolichukua ni kwamba ujima ule ulikuwa na malipo yanayojulikana, na zamu yako ya kusaidiwa ilikuwa inakuja.

Kwa hiyo suala la nani atakula lisiachwe hadi siku ya kuvuna. Liandikwe katika daftari siku ya kwanza. Mimi ningependekeza aliyeshika zamu apate fungu lake kwanza, kisha wazee na wagonjwa wa mtaa, na kinachobaki kiuzwe kwa ajili ya mbegu na ndoo mpya. Wako watakaosema kwamba anayejitolea hapaswi kupata kitu. Huyo aulizwe ameteka ndoo ngapi. Posho ya fedha, hata hivyo, naipinga: siku fungu la posho litakapokwisha, na bustani itakuwa imekwisha.

La mwisho ni ardhi. Kanuni za kilimo cha mjini zilizotungwa 1992 zilikitambua kilimo hiki na kuweka kikomo cha eka tatu kwa mtu mmoja. Baadaye ikaja Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Juu ya hayo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hapa penye maziwa mawili mjini jambo hilo si la nadharia. Hifadhi ya barabara nayo ina mwenyewe. Wananchi wakitoa jasho la miaka mitatu kwenye kiwanja kisha wakaambiwa siku moja kuwa kina mmiliki, hawatarudi kujitolea, si bustanini wala kwenye ujenzi wa darasa. Kabla jembe la kwanza halijapigwa, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa waombe Halmashauri barua yenye kutaja mipaka ya kiwanja na muda wa kukitumia, na nakala yake ibandikwe ndani ya jalada la lile daftari la zamu.

Niko tayari kwa maswali, na bwana shamba yupo hapa kwa yale yanayohusu mbegu.