JEKI HUINUA, HAISHIKI

Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Ugweno kuhusu usalama wa kuinua gari la chama



Chama kinaponunua gari la kubebea kahawa na pembejeo, kinanunua pamoja nalo wajibu wa kulitunza. Si kila kijiji cha milimani kina gereji, na madereva wengi hubadilisha oili wenyewe uani. Jambo hilo si baya, kwani huokoa fedha za wanachama. Lakini gari huwa na uzito wa tani moja na nusu, mbili au zaidi, na anayeingia chini yake ameweka maisha yake rehani. Kwa hiyo yafaa katibu ajue gari linavyoinuliwa kwa usalama, hata kama yeye si fundi.

Kwanza, iulizwe kama kuna haja ya kuliinua. Malori na magari marefu kama Land Rover huwa na nafasi ya kutosha chini, na oili yaweza kumwagwa bila jeki. Pasipo haja, lisiinuliwe.

Ikiwa ni lazima, hatari ya kwanza ni gari kuserereka. Katika milima ya Upare uwanja unaoonekana tambarare mara nyingi una mteremko kidogo. Itafutwe sehemu iliyo sawa na ngumu, wala breki ya mkono isitegemewe peke yake. Katika magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu. Yakiinuliwa hayo, haina kazi tena. Katika Land Rover za zamani haishiki gurudumu lolote, bali hushika shafti iendayo kwenye difu ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu huliacha lizunguke, na lile lililobaki chini huzunguka pia. Gari huondoka ilhali breki imevutwa! Kinga yake ni kabari imara, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kabla jeki haijaguswa.

Hatari ya pili ni gari kuanguka. Jeki ya mafuta hutegemea mpira mdogo ulio ndani yake. Mpira ukichakaa mafuta hupenya, na jeki hushuka. Jeki ya skrubu nayo hupinduka gari likisogea kidogo tu. Jeki basi ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Iwekwe mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, juu ya ubao mgumu ikiwa udongo ni laini, hasa wakati wa mvua. Gari likiisha kuinuka, stendi mbili za chuma ziwekwe chini ya ekseli au chesisi, kisha gari lishushwe likae juu yake. Lisukumwe kwa mkono kulijaribu. Likitikisika, kazi ianze upya. Tofali lisitumike kamwe, liwe la kuchoma au la saruji, kwa kuwa hupasuka bila onyo. Gurudumu la akiba likilazwa chini ya chesisi, huwa kinga ya ziada.

Dereva asifanye kazi hii peke yake, na watoto wawekwe mbali. Injini izimwe, na oili iwe vuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Oili mpya ipimwe baada ya gari kushushwa mahali palipo sawa. Oili chafu ihifadhiwe katika debe lenye kifuniko. Isimwagwe karibu na mfereji wala ndiva, kwa maana maji hayo huendea mashamba ya jirani.

Chama kilichoajiri dereva ni mwajiri, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humdai mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Katika orodha ya mali, jeki huandikwa kwa sababu ilikuja na gari. Stendi hazimo kwa sababu hazikununuliwa. Katibu na aifungue orodha hiyo, aipelekee bodi ombi la stendi mbili na kabari nne, na hadi zitakapopatikana, asiruhusu mtu yeyote kuingia chini ya gari la chama lililoinuliwa.