Somo Linaloonekana

Mtu anayesikia akisimama mbele ya kioo na kutamka baba, papa na mama bila kutoa sauti, ataona midomo ikifanya jambo lilelile mara tatu. Mtoto kiziwi anayetakiwa kusoma midomo ya mwalimu hupambana na fumbo hilo kila sentensi.

Hata hivyo, mwaka 1880 mkutano wa walimu mjini Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema, si kwa ishara. Walimu viziwi wakapoteza kazi katika nchi nyingi. Uamuzi huo ulikataliwa rasmi mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada. Miaka 130!

Katika miaka hiyo, Afrika ilimpata Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alifika Ghana mwaka 1957 akafungua shule iliyotumia ishara, kisha akasonga mbele nchi kwa nchi hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Katika darasa la viziwi, mambo madogo ndiyo huamua. Madawati hupangwa nusu duara ili kila mtoto aone mikono ya wenzake. Mwalimu hasimami dirishani, kwani mwanga ukiwa nyuma yake uso hauonekani vizuri. Wala haelezi huku akiandika ubaoni. Huonyesha mche wa maharage, hutulia ili watoto wautazame kuanzia mizizi hadi majani, ndipo mikono yake inapoanza kueleza.